Kazi na utetezi katika sheria ya mazingira: maswali ninayoulizwa kila mara

Maswali haya hunifikia kwa simu, kwenye korido za mahakama, na mara nyingi kutoka kwa watoto wa ndugu waliomaliza chuo wakarudi nyumbani. Mimi ni wakili wa Tanzania Bara, kwa hiyo majibu yameelemea huku. Kenya nimeitaja pale wenzetu walipotutangulia, na wametutangulia mara nyingi.

Lazima niwe wakili?

Hapana. Wakili anayekwambia lazima anavutia kamba upande wake. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alikuwa mwalimu wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Phyllis Omido aliingia mwaka 2009 kama mwajiriwa wa ofisi katika kiwanda cha Mombasa kilichokuwa kikiyeyusha risasi kutoka betri chakavu. Mwanawe akaugua, vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini, na mama akaacha kazi na kuanza kugonga milango. Kesi ya wakazi wa Owino Uhuru ilipofika mahakamani, mawakili walikuwepo, lakini kilichowabeba ni vipimo vya damu na vya udongo. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikaitengua, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabu mwenyewe kesi kama hiyo inahitaji watu gani: mkemia wa kupima udongo, daktari wa kueleza damu ile ina maana gani, mtu wa mtaani anayejua nani anakaa nyumba ipi, mwandishi wa habari asiyechoka miaka kumi, mhasibu wa kutunza fedha za wafadhili zisije zikaleta aibu. Na wakili, ndiyo, mmoja au wawili.

Nimemaliza kidato cha sita. Nisome nini?

Ukiwa umetoka HKL au HGL, tahasusi za sanaa, na unapenda kusoma maandishi marefu bila kusinzia, soma sheria. Ukiwa wa tahasusi za sayansi au hesabu kama PCB, CBG au EGM, usijilazimishe kuingia sheria kwa sababu tu mjomba anataka wakili kwenye ukoo. Sayansi ya mazingira Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi wa mazingira Ardhi, misitu au wanyamapori SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, chuo cha wanyamapori cha Mweka kule Kilimanjaro kwa wanaotaka maisha ya hifadhini: zote ni njia za kuingia. Mawakili wanaosoma ripoti ya maji ya mto wakaelewa kilichoandikwa ni wachache mno, na wanasayansi wanaojua kuandika hati ya kiapo ni wachache zaidi. Kaa katikati ya makundi hayo mawili na hutakosa kazi.

Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo chake cha masomo ya juu ya sheria na sera za mazingira, CASELAP, kinachopokea hata wasio wanasheria. Ukishafanya kazi miaka michache ndipo ufikirie shahada ya uzamili. Ukiichukua mapema mno utarudi na nadharia nzuri na hujawahi kuona choo cha soko kinavyotiririka mtoni.

Shule ya Sheria ni kaburi kama wanavyosema?

Mwaka 2022 matokeo yaliyotikisa nchi yalionyesha wanafunzi 26 tu kati ya 633 wamefaulu moja kwa moja, hadi serikali ikaunda kamati kuchunguza. Hofu ina msingi wake. Lakini elewa kitu kimoja: kwa Bara, shahada ya sheria inakufanya mwanasheria, na uwakili unaanza baada ya Shule ya Sheria na kuapishwa. Sehemu kubwa ya kazi za sera, za asasi na hata za idara za serikali hazikudai uwe umeapishwa. Kinachodai hivyo ni kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu mwingine. Wapo niliosoma nao ambao hawakuwahi kuvaa joho, na leo ndio wanaoandika rasimu za kanuni tunazogombania sisi tuliovaa.

Nianze kusoma sheria zipi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, sura ya 191, kwa Bara. Anza na kifungu cha 4, kinachotoa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5, kinachoeleza nani anaweza kwenda mahakamani kuidai. Kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile tunayoiita TAM, na kanuni zake. Hapo ndipo kazi ilipo. Baada yake Sheria ya Misitu ya 2002, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009.

Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, ZEMA, kwa sababu mazingira si jambo la Muungano. Nimeona barua ya malalamiko ya hoteli ya Nungwi ikipelekwa NEMC, baraza la mazingira la Bara, Dar es Salaam. Imepotea njia.

Kwa Kenya: Katiba ya 2010, ibara ya 42 na ya 70, kisha sheria ya mazingira ya 1999 inayojulikana kwa kifupi chake, EMCA.

Kazi yenyewe ya kila siku ikoje?

Kusoma. Watu hufikiri ni kupaza sauti mbele ya jaji, au kupanda mti huku kamera zikipiga picha. Mimi siku nyingi ninashinda na ripoti ya TAM yenye kurasa mia nne, na ninaianzia nyuma, kwenye viambatisho, kwa sababu mbele kumeandikwa kwa ustadi na nyuma kumebanwa kwa haraka.

Miaka kadhaa iliyopita wanakijiji wa pwani walikuja na ripoti ya mradi uliokuwa umepangwa kupitisha mtaro wa majitaka karibu na kisima chao. Ripoti ilisema wananchi walishirikishwa na kuafiki, na ushahidi ulikuwa nyuma: kurasa tatu za majina, sahihi na alama za dole gumba, na juu imeandikwa "Mahudhurio ya mkutano wa ushirikishwaji". Nikaenda nazo kijijini. Bibi mmoja alizishika, akazisogeza mbali na macho, akacheka. "Mwanangu, hii si ndiyo ile karatasi ya soda?"

Ilikuwa karatasi ya posho. Waliambiwa waweke sahihi wapokee nauli na soda, na kweli wakapokea. Nikarudi nayo mezani, nikaikagua kwa lenzi. Safu ya mwisho kulia ilikuwa imefunikwa kwa ukanda wa karatasi nyeupe kabla ya kutolewa fotokopi, lakini kwenye ukurasa wa tatu ukanda ulikuwa umeteleza kidogo, na pembeni mwa jina la kumi na nne ilionekana 5 na nusu ya sifuri. Shilingi elfu tano.

Tukachukua hati za kiapo kutoka kwa watu saba, tukaandika barua ya kurasa mbili, tukaambatanisha ukurasa ule. Ripoti ilirudishwa, mkutano ukafanywa upya kwa Kiswahili na kwa ramani ukutani, mtaro ukahamishwa. Hakuna kesi iliyofunguliwa. Hakuna gazeti lililoandika. Mradi ulijengwa na sasa una wafanyakazi kutoka kijiji hicho hicho, na kisima bado kinatumika. Nikiulizwa kazi yangu niliyoipenda kuliko zote ni ipi, ni hiyo.

Mikutano ya namna hiyo ina uzito kisheria, au ni ustaarabu tu?

Uliza Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa tayari na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Wakazi, kupitia muungano wao Save Lamu, wakakata rufaa kwenye NET, jopo linalosikiliza rufaa za mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji: mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi, watu hawakuwa na ripoti ya athari mkononi, kwa hiyo hawangeweza kutoa maoni juu ya kitu wasichokijua. Jopo liligusa pia suala la tabianchi kutozingatiwa ipasavyo. Mradi wa mabilioni ulisimama kwa sababu ya tarehe za mikutano. Ndiyo maana nasema anza na viambatisho.

Kesi za mazingira zinashinda kweli, au ni kupoteza muda?

Zinashinda, kisha shida nyingine huanzia pale pale.

Chukua dampo la Tabata. Mwaka 1988 wakazi wakiongozwa na Joseph Kessy waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa katikati ya makazi. Wakashinda. Jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka pale pale. Jaji Lugakingira alishangaa waziwazi: mamlaka ya umma inakuja kortini kuomba ruhusa ya kuchafua na kuhatarisha maisha ya watu! Akakataa, na akaifunga hoja na ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Katiba yetu haina ibara inayotaja mazingira safi kama haki, kwa hiyo hukumu ile bado tunaishika kama tasbihi.

Taka zikaenda wapi? Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, Festo Balegele na wenzake, wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Pugu Kinyamwezi. Yaani mahakama ilisema mara mbili kwamba huwezi kuweka dampo hapa, na hakuna aliyelazimika kusema liwekwe wapi na lijengwe vipi. Hilo ni swali la sera, bajeti na uhandisi, na ndiyo sababu simwambii kijana yeyote kwamba kesi ndiyo kilele cha kazi hii.

Serengeti nayo. Asasi ya kutetea wanyama yenye makao Nairobi, ANAW, iliishtaki Tanzania kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha kuhusu barabara ya lami kupita kaskazini mwa hifadhi, kwenye njia ya nyumbu. Shauri la 2010, hukumu Juni 2014: lami marufuku ndani ya hifadhi. Miaka minne. Ukiwa huna subira ya mvuvi wa mishipi, utaacha kazi hii kabla ya uamuzi wa kwanza.

Kama mimi binafsi sijadhurika, naweza kufungua kesi?

Mwaka 1989 Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Aliambiwa hana haki ya kusimama. Bustani haikuwa yake, na mwenye kuutetea umma ni Mwanasheria Mkuu. Jengo halikujengwa hata hivyo, maana kelele zake ziliwatia wafadhili baridi. Miaka 21 baadaye Wakenya waliandika jibu ndani ya Katiba: chini ya ibara ya 70 mlalamikaji hahitaji kuonyesha kwamba yeye au mtu yeyote amepata hasara.

Huku kwetu upepo ulivuma upande mwingine. Marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za kikatiba aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Kwa hiyo mimi huanza kwa kupiga hodi kwenye kifungu cha 5 cha Sheria ya Mazingira, na huhakikisha mdai wa kwanza kwenye orodha ni mtu anayekunywa maji ya mto ule.

Kosa gani linaua kesi nyingi?

Kuchelewa. Shauri dhidi ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, lilifunguliwa Arusha mwaka 2020 na asasi nne. Novemba 2023 likatupwa, na mahakama haikufika hata kwenye viboko wa hifadhi ya Murchison kule Uganda wala mashamba ya watu. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu, na majaji walisema saa ilianza kuhesabu tangu makubaliano ya 2017. Rufaa ya NET kule Kenya ni siku 60.

Siku ya kwanza ya mafunzo ofisini kwetu, kijana hapewi kitabu. Hupewa kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu.

Ajira zipo wapi hasa?

Kila halmashauri Bara inatakiwa kisheria kuwa na afisa mazingira. Nafasi hutangazwa kwenye Ajira Portal, pamoja na za NEMC na ofisi zake za kanda, TFS ya misitu, TAWA ya wanyamapori na TANAPA ya hifadhi za taifa. Watu husahau bodi za maji za mabonde, ambazo ziko tisa. Ukitaka kujua migogoro ya maji ya nchi hii inavyoanza, kaa mwaka mmoja Bonde la Pangani au la Rufiji ukitoa vibali vya kutumia maji. Kwa wanasheria kuna Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na usicheke: kuitetea serikali ni shule nzuri sana ya kujua ushahidi upi unatosha.

Upande wa asasi, LEAT ilianzishwa na wanasheria mwaka 1994 na wengi wetu tumepitia kwenye maktaba ya watu wake kwa namna moja au nyingine. JET ni ya waandishi wa habari za mazingira. Kenya wako Natural Justice, Katiba Institute, na ofisi ya akina Omido. Tatizo la asasi ni mkataba: mradi ukiisha, mshahara umeisha. Weka akiba tangu mwezi wa kwanza, na usikope gari.

Kujitolea bila malipo? Miezi mitatu, ukiwa na pa kulala na unafundishwa kweli. Ukiona mwezi wa sita bado unatoa fotokopi na kuagiza chapati za mabosi, aga kwa heshima.

Nikiajiriwa na mwekezaji au mshauri elekezi, nimewasaliti wenzangu?

Sioni hivyo. Ripoti mbaya ya TAM huandikwa na mtu, na nzuri pia. Mtaalamu aliyesajiliwa na NEMC, anayekataa kuweka jina lake kwenye karatasi ya soda, anazuia madhara mengi kuliko mimi ninayekuja na kiapo baada ya mwaka. Ila ujue bei yake: utapoteza wateja. Kijana mmoja niliyemfundisha alikataa kusaini mara moja tu, akakaa miezi minne bila kazi, kisha kampuni iliyokuwa inatafuta mkopo wa nje ikamwita kwa sababu hiyo hiyo. Wapo waliokataa wasiitwe na mtu.

Biashara ya kaboni ni kazi au ni upepo?

Ni kazi, na ina njaa ya watu: misitu na ardhi vikihifadhi hewa ukaa, kiasi hicho huuzwa kwa wanaochafua anga. Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 2022, kituo cha kitaifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA. Kenya ilibadilisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023: mradi wa ardhini unapaswa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia.

Kijijini mkataba hufika kwa Kiingereza, wa miaka thelathini, na mkutano mkuu unaombwa uupitishe kabla ya adhuhuri. Mtu anayeweza kuketi chini ya mwembe na kueleza vifungu vitatu kwa Kiswahili cha nyumbani ana ajira ya maisha: nani anauza na kwa bei ya nani, mgawo unahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama, na kijiji kikitaka kujitoa mwaka wa kumi kinatokaje. Kifungu hiki cha tatu hukosekana mara nyingi.

Ni hatari?

Wakati mwingine. Omido alikamatwa mwaka 2012. Usiende eneo la mgogoro peke yako, waage watu wawili, nakala za nyaraka ziache mahali pengine. Na usimwahidi mwanakijiji ushindi. Wewe utarudi mjini, yeye atabaki na majirani zake.

Sisi wanafunzi tutafanya nini, hata field hatujaenda?

Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria kwenye visiwa vya Pasifiki walianza kuzishawishi serikali zao zipeleke swali la tabianchi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vanuatu ikalibeba, Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio Machi 2023, na tarehe 23 Julai 2025 mahakama ikatoa maoni yake: nchi zina wajibu wa kisheria, na wanaoukiuka wanaweza kuwajibishwa. Ombi kama hilo, la Chama cha Mawakili wa Afrika, liliwasilishwa Mei 2025 kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mahakama hiyo iko Arusha. Kutoka Mweka ni safari ya basi, nauli ya mwanafunzi inatosha, na vikao vya wazi ni vya wazi kweli.

Kijijini kwetu wamekuja kupima eneo na hatujui ni la nini. Nianze wapi?

Nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe muhtasari wa mkutano uliolijadili jambo hilo. Kama hakuna muhtasari, andika hilo na tarehe. Uliza jina la kampuni na la mshauri elekezi. Piga picha mawe ya mipaka, simu ikiwa imewashwa mahali. Kisha andika barua kwa NEMC kanda yenu ukiomba kujua kama mradi umesajiliwa na kama ripoti imewasilishwa, nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri na kwa mtendaji. Ukurasa mmoja. Usitukane mtu.

Chapa nakala ya ziada ubaki nayo, na igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele ya macho yako. Karani akisema muhuri uko kwa bosi na bosi yuko semina Dodoma, usibishane naye. Itume kwa EMS, risiti ya Posta ibane nyuma ya nakala yako, na tarehe iliyo kwenye risiti iandike kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.